Rangi nzito, rangi nyepesi: kupima mnato wa rangi kwa nambari tatu

Maswali ni yale yale. Rangi imefaulu kipimo cha kikombe, mbona ukutani inachuruzika? Jana ilikuwa nzito, leo imekuwa maji, nani kaichezea? Mteja wa Mtumba, hapa Dodoma, analalamika brashi haisogei, na karatasi ya maabara inasema rangi iko sawa. Anayeuliza mara nyingi ni kijana aliyetoka chuo na shahada ya kemia, kapewa viskometa (mashine ya kupima mnato) na daftari kwenye kiwanda kidogo cha Kizota, mji huo huo, kisha akaambiwa kuanzia leo yeye ndiye mtaalamu wa riolojia, yaani elimu ya namna vitu vinavyotiririka. Mwongozo huu ni wake.

Maswali yote hayo yana mzizi mmoja: rangi haina mnato mmoja. Ikiwa imetulia ndani ya ndoo huwa nzito kama ugali laini. Ikibanwa kati ya brashi na ukuta hulainika mara mia au zaidi, na brashi ikiondoka huanza kurudi kwenye uzito wake, haraka au polepole. Hata Eugene Bingham, mmoja wa waanzilishi wa Chama cha Riolojia cha Marekani mwaka 1929, alikuwa ameshaona mwaka 1919 kwamba rangi haitiririki mpaka isukumwe kwa nguvu fulani. Kwa hiyo ukiandika nambari moja umepima hali moja tu, na mteja anaishi na hali zote tatu: ikiwa imetulia (hatua ya 5), chini ya brashi (hatua ya 6), na brashi ikishaondoka (hatua ya 7).

Kabla ya kugusa mashine, tenganisha maana mbili za neno "uzito". Karakana zetu husema "rangi nzito" kwa rangi iliyokaza, na papo hapo huuliza "uzito wake?" kwa maana ya kilo kwa lita. Hivyo ni vitu viwili. Rangi iliyojazwa kalsiamu kaboneti inaweza kuwa na kilo 1.5 kwa lita na bado ikamwagika kama maziwa. Kwenye daftari andika "mnato" kwa kukaza na "densiti" kwa kilo kwa lita. Mkishachanganya hayo mawili, kumbukumbu za mwaka mzima hazisomeki.

Vinavyohitajika

- Viskometa ya kuzunguka ya aina ya Brookfield RV na spindeli zake (visahani vyenye mhimili vinavyozungushwa ndani ya rangi), pamoja na bika pana la mililita 600.
- Kipimajoto kinachosoma hadi nyuzi 0.1, na beseni kubwa la maji. Beseni lenye kidhibiti joto ni bora, lakini beseni la plastiki, birika na vipande vya barafu vinatosha ukiwa na subira.
- Mafuta sanifu ya kukagulia mashine, yaliyo karibu na mnato wa 1,000 mPa·s (kizio cha mnato) kwenye nyuzi 25.
- Kikombe cha mtiririko, Ford namba 4, na saa ya kuhesabu sekunde. Hiki ni cha vanishi na rangi ya mafuta iliyozimuliwa, si cha rangi ya maji.
- Kitana cha mchuruziko: chuma chenye mapengo ya mikromita 75 hadi 300, na kadi zake nyeusi na nyeupe.
- Mizani ya gramu 0.01, kikombe cha densiti cha mililita 100, kipima pH, chujio la nailoni.
- Maji yasiyo na madini. Ukikosa, nunua dukani kwa mafundi magari maji ya kuongezea betri. Soma chupa vizuri, maana asidi ya betri huuzwa kaunta hiyo hiyo.
- Glavu na miwani. Amonia ya asilimia 25 haina utani na macho, na mvuke wa tapentaini unataka madirisha wazi na moto mbali.

Ukiwa na viskometa ya koni na bamba, kazi inakuwa rahisi zaidi. Ukikosa, usisubiri bajeti. Hatua ya 6 ina njia mbadala.

Hatua za kazi

1. Ipe sampuli muda. Rangi iliyotoka kwenye mikisa sasa hivi haijakaa sawa, kwa sababu kiongeza mnato bado kinavimba na mapovu bado yamo. Ipime ikiwa na saa 24 tangu itengenezwe, kila bachi, bila upendeleo. Kipimo cha saa ya kwanza kiandike pembeni kama unakitaka, ila usikilinganishe na cha kesho. Chuja gramu 700 hivi, jaza kwenye bika karibu na ukingo, funika kwa kifuniko au plastiki.

2. Ilete kwenye nyuzi 25. Hapa ndipo kazi nyingi za Dodoma zinapoharibika. Asubuhi ya Julai rangi iliyolala kwenye chumba kisicho na joto huwa chini ya nyuzi 20, na alasiri ya Oktoba, chini ya bati, hupita 30. Bachi ile ile ikipimwa nyakati hizo mbili itaonekana kama rangi mbili tofauti, na fundi wa zamu atalaumiwa bure. Weka bika ndani ya beseni la maji ya nyuzi 25 kwa saa 2, na upime joto katikati ya rangi, si pembeni ya bika wala hewani. Kubali 24.5 hadi 25.5, nje ya hapo subiri. Usipashe rangi kwa jiko ukaharakisha, maana pembeni itakauka ngozi wakati katikati bado ni baridi. Kuna kazi moja ya siku moja itakayokuokoa miaka: chukua rangi yako inayouzwa zaidi, ipime kwenye nyuzi 15, 20, 25, 30 na 35, chora mstari, bandika ukutani. Siku umeme umekatika na beseni limepoa utajua angalau kosa lako lina ukubwa gani. (Mwinuko wa Dodoma, mita 1,100 na ushei, wengine huusingizia. Kwa mnato wa rangi hauna hatia.)

3. Kagua mashine kwa mafuta sanifu. Sawazisha mashine hadi kiputo kikae katikati, sifurisha bila spindeli, kisha pima mafuta kwenye nyuzi 25. Kosa linaloruhusiwa ni asilimia 1 ya kipimo cha juu kabisa cha spindeli na kasi uliyochagua, ukijumlisha asilimia 1 ya thamani ya mafuta. Mfano: spindeli 2 kwa mizunguko 20 kwa dakika ina kipimo cha juu cha 2,000 mPa·s, asilimia 1 yake ni 20. Chupa imeandikwa 985, asilimia 1 ni 10 hivi. Basi soma kati ya 955 na 1,015 na uendelee. Ukisoma nje ya hapo, kwanza angalia joto la mafuta, pili angalia kama spindeli imepinda kwa kuizungusha mbele ya macho. Lawama za mashine zije mwisho. Fanya hivi kila Jumatatu na kila mara mashine inapohamishwa meza.

4. Chagua spindeli moja itakayobeba kasi zote. Asilimia ya msokoto (nguvu inayohitajika kuzungusha spindeli, kama mashine inavyoionyesha) ikae juu ya 10 na chini ya 100, na salama zaidi ni kati ya 20 na 90. Kwa rangi ya maji ya ukutani spindeli 4 mara nyingi inatosha: kipimo chake cha juu ni 200,000 mPa·s kwa mzunguko 1, 20,000 kwa mizunguko 10, na 2,000 kwa mizunguko 100. Ingiza spindeli kwa pembeni, ikilala, ili isibebe hewa chini yake, kisha ifunge huku umeshikilia mhimili usijikunje. Zamisha hadi alama, si zaidi wala pungufu. Ukibadilisha spindeli katikati ya kipimo, nambari zako hazilinganishiki tena.

5. Panda ngazi, halafu shuka. Acha spindeli itulie ndani ya rangi dakika 5. Washa mzunguko 1, soma baada ya dakika 3. Nenda mizunguko 10, soma baada ya dakika 1. Nenda 100, soma baada ya sekunde 30. Rudi 10 kwa dakika 1, rudi 1 kwa dakika 3. Muda huu uufuate kama dozi ya dawa, maana rangi inakumbuka ilivyokorogwa. Rangi nzuri ya ukutani inaweza kuleta kitu kama hiki: kupanda 42,000, kisha 8,400, kisha 1,700, kushuka 7,300, kisha 33,000. Gawanya 8,400 kwa 1,700 upate 4.9. Hicho ndicho kiasi inacholainika ikisukumwa mara kumi zaidi. Tofauti kati ya 42,000 na 33,000 inakuonyesha haijarudi yote baada ya kukorogwa, yaani inahitaji muda. Usijaribu kugeuza nambari hizi kuwa kipimo halisi cha kifizikia. Spindeli ya kisahani ndani ya bika haitoi kasi moja ya msuguo (haraka ambayo tabaka za rangi zinatelezeana) kwenye rangi yote, kwa hiyo zinafaa kulinganisha bachi na bachi kwenye mashine yako, na hapo zinafaa sana.

6. Pima inavyokuwa chini ya brashi. Viskometa ya kuzunguka, hata kwa mizunguko 100, haifiki hata karibu na kasi ya msuguo ya brashi, ambayo ni maelfu kwa sekunde. Koni na bamba hufanya kazi kwenye 10,000 hadi 12,000 kwa sekunde, na rangi ya ukutani hukaa vizuri kati ya 0.1 na 0.2 Pa·s, yaani 100 hadi 200 mPa·s. Chini ya hapo brashi inateleza kirahisi, fundi anafurahi, lakini anaacha utando mwembamba na ukuta unataka mkono wa tatu. Juu ya hapo mkono unachoka.

Huna koni? Pima ukuta wenyewe. Weka alama ya mita 1 kwa 1 kwenye ubao uliopigwa praima. Weka kopo na brashi iliyolowa juu ya mizani, andika. Paka, rudisha brashi kwenye kopo, pima tena. Gawanya gramu zilizopungua kwa densiti. Zikipungua gramu 140 na densiti ni 1.40, umeweka mililita 100 kwa mita moja ya mraba, yaani mikromita 100 za utando mbichi. Mtu yule yule apake kila mara, brashi ile ile. Njia hii ni ya mkono, lakini inasema ukweli ambao viskometa ya kuzunguka haiusemi.

7. Pima mchuruziko, na usidanganywe na hewa kavu. Koroga sampuli kwa nguvu mara 30 ili ifanane na rangi iliyotoka kwenye brashi, vuta mara moja kwa kitana kwenye kadi, isimamishe wima papo hapo, mistari ikiwa imelala na ule mwembamba juu. Iache ikauke. Soma mstari mnene zaidi ambao haukushuka kuugusa ulio chini yake. Kwa rangi inayopakwa mikromita 100 tunataka ishike angalau 200, kwa sababu brashi haiachi utando sawasawa. Kwenye kona na ukingo wa dirisha hulundikana.

Sasa onyo. Kati ya Agosti na Oktoba hewa ya Dodoma hunywa maji ya rangi haraka mno, utando unakaza kabla haujapata nafasi ya kushuka, na kila rangi inaonekana shujaa. Ndoo hiyo hiyo ikienda Dar es Salaam, au ikisubiri mvua za Januari hapa hapa, itachuruzika. Fanya kipimo mara mbili: mara moja wazi, mara moja ndani ya sanduku lililofungwa lenye taulo mbichi chini. Tumaini matokeo ya sanduku. Upande wa pili, hewa hiyo kavu inaacha alama za brashi na mistari ya maungio, kwa hiyo alama hizo ziangalie kwenye kadi iliyokauka wazi.

8. Rekebisha kidogo kidogo, ukijua unarekebisha nambari ipi. Hili ndilo kosa la wengi: rangi inachuruzika, wanaongeza selulosi (unga wa kukaza rangi), brashi nyepesi, wanaongeza selulosi, inatuama, selulosi tena. Selulosi ya haidroksietili na vinenezi (viongeza mnato) vya akriliki vinavyovimba kwenye alikali hupandisha zaidi mnato wa utulivu. Udongo wa atapulgaiti au bentonaiti huipa rangi uti wa mgongo wa kutotuama na kutochuruzika, bila kuikaza sana chini ya brashi. Mnato wa chini ya brashi hupandishwa na vinenezi vya poliyurethani vya aina inayokusudiwa kazi hiyo.

Chukua sampuli za gramu 500, ongeza asilimia 0.1 kila mara, yaani gramu 0.5, kwenye sampuli tofauti. Cha akriliki kizimue kwanza kwa maji kiasi sawa, kimimine taratibu huku rangi ikizunguka, kisha rudisha pH kati ya 8.5 na 9 kwa matone ya amonia. Ukikimimina bila kuzimua kitagandisha vijidonge visivyovunjika. Rudi hatua ya 1: saa 24 kabla ya kuamua. Anayeongeza tena baada ya saa moja kwa sababu "bado nyepesi" kesho yake hukuta jeli.

Selulosi inayowekwa mwanzoni ina utaratibu wake. Nyunyiza kwenye maji baridi yenye pH karibu 7, koroga, subiri itawanyike, ndipo udondoshe amonia. Maji mengi ya visima vya huku yana chumvichumvi na pH yake tayari iko juu, kwa hiyo unga huanza kuvimba kabla haujatawanyika na unapata "macho ya samaki", yaani mabonge yasiyoyeyuka. Dawa yake ni kuulowesha kwanza kwenye propilini glikoli, sehemu 1 ya unga kwa 6 za glikoli, halafu kuumimina majini. Kwa majaribio ya maabara tumia maji yasiyo na madini, kisha rudia fomula na maji ya kiwandani kabla hujaipeleka kwenye uzalishaji. Fomula iliyokaa vizuri kwa maji safi na kulegea kwa maji ya kisima imekwisha kukuambia tatizo ni kalsiamu: inakula kisambazi pigimenti (kemikali inayotenganisha chembe za rangi) na kunyong'onyeza vinenezi vya akriliki.

9. Ihifadhi kwenye joto, uipime tena. Jaza kopo la chuma lililopakwa ndani, funga, weka kwenye oveni ya nyuzi 50 kwa siku 30. Pima siku ya 1, 7, 14 na 30, kila mara baada ya kuirudisha kwenye nyuzi 25. Umeme ukikatika andika saa ngapi, uongeze muda uliopotea. Nambari ya mizunguko 10 ikihama zaidi ya asilimia 20 tusingeipa ruhusa. Stoo zetu za bati ni oveni kasoro swichi.

10. Rangi ya mafuta na vanishi: kikombe. Lete kwenye nyuzi 25 pamoja na kikombe chenyewe. Ziba tundu kwa kidole, jaza hadi kufurika, futa juu kwa kioo, achia, na simamisha saa pale mkondo unapokatika kwa mara ya kwanza, si tone la mwisho. Ford 4 inaaminika kati ya sekunde 20 na 100. Vipimo viwili vikitofautiana zaidi ya asilimia 5, rudia. Tundu lisafishwe kwa kiyeyushi na kitambaa laini. Aliyepitisha waya ndani ya tundu ameua kikombe, akinunue kipya.

Mambo yakigoma

Nambari inashuka mfululizo wakati spindeli inazunguka. Si lazima mashine iwe mbovu. Rangi yenye thiksotropia hulegea kadiri inavyokorogwa. Soma kwa dakika uliyojiwekea, usisubiri itulie. Ikishuka ghafla badala ya taratibu, chungulia: spindeli imechimba shimo na inazunguka ndani ya utupu wake. Tumia kasi ndogo zaidi au koroga upya.

Msokoto uko chini ya 10. Nambari itatoka kwenye kioo cha mashine, lakini haina thamani. Chukua spindeli kubwa zaidi, yenye namba ndogo.

Rangi inarusha matone kwenye rola na inavutika kama mlenda. Selulosi yako ina molekuli ndefu mno. Nenda daraja la chini, ongeza kiasi kidogo kufidia, au badili sehemu yake kwa kinenezi cha poliyurethani. Viskometa haitakuonyesha hili. Inua kijiti kutoka kwenye rangi uone uzi unakatika wapi.

Nambari zote tatu ziko sawa lakini maji yamepanda juu ya ndoo. Mzunguko 1 kwa dakika bado ni kasi kubwa ukilinganisha na kutuama kwa miezi, achilia mbali mtikisiko wa lori kwenye kilomita 450 hivi kwenda Dar es Salaam. Ongeza udongo asilimia 0.2 hadi 0.4, na ukague kama kisambazi kimezidi.

Mnato unaanguka siku chache baada ya kutengeneza, ndoo inanuka na kifuniko kimevimba. Ni bakteria. Vimeng'enya vyao vinakata selulosi, na vitaendelea kuikata hata ukishaua bakteria wenyewe, kwa hiyo kuongeza selulosi kwenye bachi hiyo ni kutwanga maji kwenye kinu. Safisha tangi la maji na mabomba, weka dawa ya kuzuia kuoza mwanzoni mwa bachi, si mwishoni.

Nyeupe inapita vipimo vyote, duka la vifaa vya ujenzi likitia rangi inalegea na kuchuruzika. Pasta za rangi zina sabuni na glikoli zinazovunja mshikamano wa vinenezi vya poliyurethani. Rudi hatua ya 5 na ya 7 ukiwa na besi iliyotiwa kiasi kikubwa kabisa cha pasta ambacho kadi yako ya rangi inaruhusu, anza na nyeusi na nyekundu ya udongo, na hicho ndicho kipimo cha kuandika kwenye cheti cha bachi.